Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mkutano Mkuu: Mpango Biashara na Nani Anajibu

Ndugu wanachama,

Mpango biashara wetu unasema tutauza arabika iliyooshwa, yaani kahawa inayomenywa, kuchachushwa na kuoshwa kabla ya kukaushwa, kwa bei ya ubora. Mikataba ya watendaji inapima kitu kingine: kilo zilizopokelewa. Karani anayelipwa posho kwa kilo hana sababu ya kurudisha ndoo yenye kahawa mbichi. Mbichi ikiingia kwenye mtambo wa kumenya haimenyeki vizuri, punje hukatwa, na ladha yake huharibu shehena nzima. Hasara huonekana mnadani, miezi kadhaa baadaye, wakati hajulikani tena wa kuulizwa.

Kwa hiyo bodi inapendekeza posho ya kilo ifutwe. Karani wa mapokezi apimwe kwa uwiano wa mbivu na maganda makavu, yaani punje zilizomenywa na kukaushwa zikiwa bado na ganda lake la ndani. Kwa kawaida kilo 5 hadi 6 za mbivu hutoa kilo 1 ya maganda makavu. Ukifika 7, ama zimepokelewa mbichi na zinazoelea majini kwa kuwa nyepesi, ama mzani una kasoro, ama kuna kahawa inayotoka usiku. Uwiano usomwe kwa kila shehena ikishakauka. Kusubiri hesabu za kufunga msimu ni kupiga ramli.

Fundi wa mtambo ajibu kwa kumenya siku ileile ya kuchuma, ndani ya saa 8 tangu mapokezi. Uchachushaji, yaani kuacha utelezi wa punje zilizomenywa ulegee, hatukuuwekea saa maalumu. Huchukua saa 12 hadi 36 kutegemea baridi, na kipimo ni kusugua punje mkononi mpaka utelezi uishe. Ukimwandikia fundi saa moja kwa msimu mzima, atakuandikia daftari linalokufurahisha. Msimamizi wa vichanja vya kukaushia yeye ana namba moja tu: unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukizidi, kahawa huota ukungu ghalani. Ukipungua, punje hupasuka wakati wa kukobolewa na uzito umeshapotea.

Meneja asipimwe kwa bei ya mnada, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi. Apimwe kwa kinachobaki kwa kila kilo baada ya usafiri, ukoboaji, makato na riba. Malipo ya awali, mnayopewa mkileta kahawa, hutoka kwenye mkopo wa benki, na kila wiki kahawa inayokaa ghalani riba inakula malipo yenu ya pili, yale ya baada ya mauzo.

Bodi nayo inajibu kwenu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanzania Na. 6 ya 2013 inawapa ninyi kupitisha ukomo wa madeni, nasi hatuna ruhusa ya kuuvuka. Pia mjumbe wa bodi asishike mzani: akipima asubuhi, jioni atamkagua nani?

Tunaomba mkutano upitishe mambo mawili: vipimo hivi viingizwe kwenye mikataba kabla ya mapokezi kufunguliwa, na uwiano wa kila shehena ubandikwe mlangoni pa ghala kila Jumamosi.