YAH: KUTU KWENYE VYUMA VYENU, NA KARATASI YANGU YA DHAMANA KUGEUZWA TAMBARA

Uyole, Mbeya
11 Machi 2025

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitakusomea. Vyuma vya kunyanyulia uzito nilivyonunua kwenu kwa ajili ya jimu yangu ni sita, vya kilo 20 kila kimoja, risiti ya EFD ninayo, mwaka wa dhamana haujaisha. Vitatu vimebabuka kromu na kushika kutu. Naomba mnibadilishie hivyo vitatu.

Barua ilipaswa kuishia hapo. Lakini Ijumaa iliyopita nilikipeleka kimoja tawini kwenu hapa mjini. Chuma cha mita 2.2 hakipandi daladala, nikakodi bajaji, kikachomoza huku na huku. Msimamizi wenu hata karibu hakusema. Alipitisha kidole gumba pale kwenye michoro ya kushikia, kikatoka chekundu, akauliza mbele ya wateja: "Dada, kwani huko Uyole mnavimwagilia kama viazi?" Watu wakacheka. Halafu akakifuta kidole kile kwenye karatasi yangu ya dhamana.

Sasa nikueleze tunavyovimwagilia. Kila usiku, kundi la mwisho likishatoka, vijana wangu wanapita na brashi ya nailoni kutoa unga wa chaki, maana chaki hunyonya jasho na kulilaza na chumvi yake palepale juu ya chuma. Brashi ya waya nimeipiga marufuku, inakwangua kromu. Baada ya brashi ni kitambaa kikavu. Jumapili nikitoka kanisani napaka mafuta ya cherehani mwenyewe, matone machache kuanzia ncha hadi ncha, nayaacha kidogo, nafuta mpaka mkono usiteleze. Mvua zikianza Novemba napaka mara mbili kwa wiki, kwa sababu ukungu wa huku hauombi ruhusa kuingia ndani. Jiki haigusi chuma. Hakuna chuma kinacholala sakafuni.

Na ninacho chuma kimoja cha zamani, nilimnunulia mtu aliyefunga jimu yake Iringa. Hakina kromu hata chembe. Kinalala ubavuni mwa vyenu, kinashikwa na mikono ileile, kinapakwa mafuta yaleyale. Hakina kutu. Au viazi vinamwagiliwa upande mmoja tu wa chumba?

Haya yote fundi wenu angeyaona. Simu nilianza kupiga Januari. "Atakuja wiki hii, dada." Nimeambiwa hivyo mara nne, na wiki hiyo mpaka leo sijaiona kwenye kalenda.

Nirudi pale kaunta, maana nililala nalo. Boksi la tishu lilikuwa karibu na kiwiko chake. Nililiona, na yeye aliliona. Aliivuta karatasi yangu kutoka chini ya mkono wangu, akafuta kidole taratibu, upande huu na upande ule, juu ya muhuri wa kampuni yenu wenyewe. Na sasa nakumbuka vizuri, hakusema "Dada". Alisema "We dada". Mmoja wa waliocheka ni mama anayekuja kwangu mazoezini Jumanne na Alhamisi. Leo ni Jumanne, na sikumwona. Chuma nikakibeba begani mpaka kwenye bajaji, hakuna aliyenishikia hata mlango.

Kumbe kulikuwa na kubwa zaidi. Chuma cha sita nilikuwa sijakitumia, nilikiweka akiba kikiwa kwenye nailoni yenu, gundi haijaguswa. Jumamosi nikakifungua nikiwa na jirani yangu fundi pikipiki kama shahidi. Ndani ya nailoni mlikuwa na matone ya maji, chuma hakina dalili ya mafuta, na vidoa vya kutu vimezunguka shingo pale kichwa cha kuvalisha pleti kinapoanzia. Fundi akakizungusha kichwa, kikasaga kama kina mchanga. "Hii bushi imeshalika," akasema, yaani pete ya ndani ambayo kichwa huzungukia. Kwenye chuma hicho hapajawahi kutua jasho la mtu yeyote wa Mbeya.

Kwa hiyo ombi langu la juu nalifuta. Sitaki vitatu vibadilishwe. Vichukueni vyote sita kwa gari lenu, mnirudishie pesa yote pamoja na nauli ya bajaji, kwenda na kurudi. Na msimamizi wenu aniandikie barua ya kuomba radhi kwa mkono wake, si kwa kompyuta. Nawapa siku 14.

Hapana, 14 ni nyingi, Januari ilishakula siku zenu. Ni siku 7. Zikipita, faili hili linakwenda Tume ya Ushindani, na chuma cha sita nitakitundika mlangoni kwangu na nailoni yake, pembeni ya barabara kuu ya Tunduma ambako magari yote ya kutoka kwenu Dar yanapita. Wenye jimu wa Tukuyu na Makambako huniuliza kila mara nilinunua wapi. Nitawajibu.

Karatasi ya dhamana situmi. Nimeambatanisha picha yake tu. Yenyewe iko kwenye bahasha, na alama ya kidole gumba inasomeka vizuri kuliko muhuri wenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa jimu, Uyole