Kikao cha filamu Jumamosi: muda umebadilika

Wapendwa wanakikundi, salamu kwenu nyote.

Kikao chetu cha Jumamosi hii kitaanza saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, katika chumba kilekile, ili tupate muda wa kutosha wa mazungumzo. Tutatazama The Wedding Banquet ya mwongozaji Ang Lee, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1993. Ni kichekesho cha mapenzi kuhusu kijana wa Taiwan aishiye New York na mpenzi wake wa kiume, lakini anayefunga ndoa ya bandia na mwanamke aliye mpangaji wake ili wazazi waache kumshinikiza aoe. Angalieni hasa wanavyobadilisha mapambo ya ukutani kabla wazazi hawajafika. Kwa maoni yangu, hapo kicheko huanza kuuma.

Naomba mambo mawili:

1. Kila mmoja athibitishe hapahapa, kabla ya Alhamisi jioni, kama atakuwepo.
2. Atakayekuwa tayari kuongoza mjadala ajitaje mapema.

Waliokwisha kuiona, tafadhali msiwasimulie wenzenu mwisho wake.

Mratibu wenu