Ule mlio wa kamera yako

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi sijambo, hofu ni kwako tu.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mpaka mwisho, na pale ulipoeleza jinsi watu walivyogeuza shingo kila ulipobonyeza kitufe katikati ya onyesho la fidla, nilikuonea huruma. Unaniuliza kama uiuze hiyo DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani kinachokuwezesha kuchungulia kupitia lenzi, ununue kamera isiyo na kioo. Jibu langu ni hapana, si kwa sasa. Kwanza tujue kinachopiga kelele ni nini, maana ndani ya kamera yako kuna zaidi ya chanzo kimoja cha sauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Ukibonyeza kitufe, kile kioo kilicho mbele ya kihisi, ile sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha, hunyanyuka kwa nguvu na kugonga juu. Tundu la lenzi hujifinya. Pazia la kwanza la shata, yaani mlango wa mwanga, hufunguka, mwanga huingia, pazia la pili hufunga, kioo hurudi chini kwa kishindo, kisha mota huyavuta mapazia upya kwa ajili ya picha inayofuata. Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua, ndiyo maana sikio hupokea "kacha!" moja tu, ilhali ni milio kadhaa iliyobanana. Mkubwa kati ya hiyo ni wa kioo. Basi anayetaka utulivu aanze na kioo.

Tafuta modi ya ukimya. Kwenye Nikon nyingi za DSLR utaona herufi Q pale unapochagua kupiga picha moja moja au mfululizo, na kwenye Canon kadhaa utaona herufi S ndogo kando ya alama ya fremu moja. Modi hiyo haiondoi sauti, inaituliza. Ile Q ina faida moja ambayo wengi hawaitumii: ukibonyeza kitufe na kukishikilia, kioo hubaki juu mpaka uachie kidole. Kwa hiyo unaigawa sauti mara mbili. Unabonyeza pale muziki unapopanda, picha inapigwa, kidole chako kinabaki palepale kimekandamiza, mpigaji anamaliza sehemu yake ya taratibu, kisha watu wanapoanza kupiga makofi ndipo unaachia. Nusu ya pili ya mlio hakuna atakayeisikia.

Njia nyingine ni kupiga kwa kutazama skrini ya nyuma badala ya kuchungulia. Hapo kioo kimeshanyanyuka kabla hujaanza, na kwenye kamera nyingi kinatulia juu mpaka umalize. Canon waliweka modi za ukimya za aina hii tangu 40D ya mwaka 2007, na Nikon D850 ya 2017 inaweza kupiga kwa njia hiyo bila mlio wowote wa shata. Lakini jaribu kwanza ukiwa peke yako, kwa sababu zipo DSLR ambazo hukishusha kioo na kukipandisha tena kila picha hata ukitumia skrini, na hizo zinakuwa na kelele kuliko kawaida. Halafu punguza mwanga wa skrini. Ukumbini gizani, mstatili unaong'aa unaudhi watu kama mlio wenyewe.

Sasa tuje kwenye kamera zisizo na kioo, kwa sababu naona moyo wako uko huko. Ni kweli, shata ya elektroniki haina sauti kabisa. Hakuna kinachosogea, kihisi chenyewe huanza na kuacha kupokea mwanga. Ila ukimya huo una gharama zake, na wauzaji hawakuambii. Vihisi vingi havisomi picha yote kwa mara moja, husoma safu kwa safu kutoka juu hadi chini, kama mtu asomaye ukurasa. Kwenye kamera nyingi za kawaida usomaji huo huchukua muda unaokaribia sehemu ya ishirini ya sekunde, hata kama umeweka kasi ya shata 1/1000. Katika muda huo upinde wa fidla umeshasogea. Picha inatoka na upinde uliopinda, kijiti kilichonyooka kinaonekana kimekunjwa katikati, na hakuna programu itakayokunyooshea vizuri. Mzungumzaji aliyesimama mbele ya kipaza sauti hana tatizo hilo. Mpiga ngoma analo tena kubwa.

La pili ni taa, nalo ndilo linalowaumiza wengi. Taa nyingi za ndani humwekamweka bila macho yetu kuona. Penye umeme wa hezi 50 zinafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, na penye hezi 60 ni mara 120. Kwa kuwa kihisi kinasoma safu kwa safu, safu nyingine zinakuta taa imeng'aa na nyingine zinakuta imefifia, na picha yako inajaa mistari myeusi iliyolala. Dawa ni kuchagua kasi inayolingana na umeme: 1/50 au 1/100 kwa hezi 50, na 1/60 au 1/120 kwa hezi 60. Lakini taa za LED za jukwaani, hasa zikiwa zimepunguzwa mwanga, zina mwendo wao wenyewe, na hapo hesabu hiyo haikusaidii. Hapo ni heri urudi kwenye shata ya mitambo huku umewasha pazia la kwanza la elektroniki, yaani kihisi chenyewe huanza kupokea mwanga na pazia halisi hufunga tu, ili ule mlio wa mwanzo upotee na ubaki wa kufunga na wa mota. Ni sauti ndogo, na picha inabaki salama. Mimi binafsi naona hilo ndilo chaguo la busara katika kumbi nyingi, hata kwa mwenye kamera mpya kabisa.

Zipo kamera zilizoyaondoa matatizo haya kwa sehemu kubwa. Sony A9 ya 2017 ilikuja na kihisi kinachosoma haraka sana, Nikon Z9 ya 2021 haina shata ya mitambo hata kidogo, na A9 III iliyotangazwa mwaka 2023 husoma kihisi chote kwa wakati mmoja, kwa hiyo upinde haupindi. Ni kamera za watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Kama siku moja utataka kitu kidogo cha pili, tazama zenye shata ndani ya lenzi, mfano Fujifilm za X100 au Ricoh GR. Vile vibapa vyake vidogo hufunguka na kufunga kwa sauti ambayo mtu wa pembeni yako haisikii.

Kuna kelele nyingine ambazo si za shata na watu huzisahau. Zima ule mlio wa "pii" wa fokasi. Zima taa ndogo nyekundu inayosaidia fokasi, haina sauti lakini humpiga mtu usoni. Lenzi za zamani zinazozungushwa na mota ya kamera hukoroma, kwa hiyo weka fokasi mapema kwa mkono kisha usiiguse. Begi lifungue kabla shughuli haijaanza na uliache wazi, maana ule mkanda wa kunata ukiuchana ukumbini utasikika mbali kuliko kamera yenyewe.

Umeuliza pia kuhusu kuifunika kamera kwa kitambaa kizito. Inasaidia kiasi: nguo humeza ule ukali wa sauti, ila mshindo wa kioo kinapogonga unapita. Wapiga picha kwenye seti za filamu walitumia visanduku vyenye sponji ndani, navyo vilifanya kazi vizuri, lakini ni vizito na unapoteza vitufe vyote. Kwako wewe umbali ni bora zaidi. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Ndani ya ukumbi wenye mwangwi hupungua kwa kiasi kidogo zaidi, lakini bado inafaa. Hiyo lenzi yako ya milimita 200 itumie ukiwa nyuma, karibu na pazia au zulia, usijibane kwenye kona ya ukuta mtupu.

Zaidi ya vifaa, sikiliza. Hili ndilo ninalotaka sana ulishike. Usipige kwenye kituo, pale mwanamuziki ameinua upinde na ukumbi mzima umeshikilia pumzi, hata kama uso wake ni mzuri kuliko wote. Piga sauti inapokuwa kubwa, piga kicheko kinapolipuka, piga watu wanapoitikia "Amina". Kwenye gofu wapiga picha hungoja mpira ugongwe ndipo wafyatue, na hakuna anayewaona wazembe. Halafu piga moja moja. Mlio mmoja watu wanausamehe, lakini mfululizo wa fremu kumi unamkera hata mvumilivu. Ndege nao ni hivyohivyo: mlio mmoja ukiwa mbali, subiri, aone kuwa hakuna kilichotokea, ndipo usogee.

Neno moja kuhusu ukimya kamili. Simu zinazouzwa Japani na Korea Kusini kwa kawaida hutoa mlio wa kamera usiozimika, ili mtu asipigwe picha kwa siri, na mimi nauelewa msimamo huo. Kamera isiyolia inampa mpiga picha uwezo ambao mwenzake hauoni. Omba ruhusa kabla, simama mahali unapoonekana, na ukimaliza shusha kamera ili wajue umemaliza.

Kwa onyesho lijalo, omba uingie kwenye mazoezi ya mwisho. Piga taa za jukwaa kwa kila njia niliyokutajia, uikuze picha kwenye skrini na utafute mistari. Ukiiona, niandikie umetumia kasi gani, na unitajie jina kamili la modeli ya kamera yako, maana bila hilo siwezi kukuambia kama kioo chake hubaki juu ukipiga kwa skrini.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye