Kabla hujaanza kuhesabu maneno ya Uhura

Mpendwa Rehema,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia tasnifu yako itakuwa juu ya Luteni Uhura, yule afisa mweusi wa mawasiliano katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya safari za anga za juu. Ila hiyo "Star Trek na taswira ya mtu mweusi" uliyoandika kama mada ni bahari, utazama. Shika mfululizo wa kwanza tu, ule wa kituo cha televisheni cha NBC wa Septemba 1966 hadi Juni 1969: misimu 3, sehemu 79, kila moja dakika 50 hivi. Kuutazama wote mara moja ni kama saa 66, nawe itakubidi uutazame mara mbili.

Amua mapema utatumia nakala ipi, maana hapo ndipo wengi huumbuka. Mfululizo ulipigwa kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, lakini DVD za Ulaya za mfumo wa PAL hukimbia kwa fremu 25, na dakika 50 zinabaki 48. Ukiandika "dakika ya 31" kutoka DVD hiyo, msahihishaji mwenye nakala ya Marekani atalikuta tukio lako kwenye 32 na sekunde 17, akuone mzembe. Tena kuanzia 2006 picha za chombo cha angani na sayari zilitengenezwa upya kwa kompyuta. Anayesifia ubunifu wa miaka ya sitini kwa kutazama nakala hizo anasifia kazi ya watu wengine kabisa. Blu-ray inakuruhusu kuchagua picha za awali, chagua hizo. Nakala zilizorushwa na vituo vya marudio ziache kabisa, zilikatwa ili matangazo yapate nafasi.

Halafu mpangilio. "The Man Trap" ilirushwa ya kwanza, tarehe 8 Septemba 1966. "Where No Man Has Gone Before" ilirushwa ya tatu, ingawa ilipigwa 1965, kabla Uhura hajabuniwa. Ukifuata tarehe za kurushwa tu, utaona Uhura yupo, yupo, hayupo, yupo, kisha utaanza kutafuta sababu ya kisiasa ya kitu kisichokuwepo. Weka safu mbili kwenye jedwali: namba ya utengenezaji na tarehe ya kurushwa.

Sasa kuhesabu. Usihesabu mara alizoonekana peke yake, kwani amekaa nyuma ya nahodha karibu kila anapokuwepo, na hesabu itakudanganya kuwa ana nafasi kubwa. Weka alama tatu: yupo kwenye picha, anasema, alichosema kinabadilisha mwendo wa hadithi. Kutangaza kwamba mawasiliano yako wazi ni alama ya pili, si ya tatu. Sauti inayosikika bila uso iwe na safu yake. Mpe mwenzako sehemu 8, yaani asilimia 10, aziwekee alama bila kuona zako, kisha mlinganishe. Mtakapotofautiana sana, ni alama ya tatu, na maana yake maelezo yako ya alama hiyo hayajakaa sawa.

Kuna kitu ambacho wewe unacho na wasomi wengi wa Marekani hawana. Katika "The Man Trap" kiumbe kinachotafuta chumvi kinajigeuza kijana mweusi mtanashati, kinamsimamisha Uhura kwenye korido na kumsemesha Kiswahili. Usitegemee maandishi ya chini wala nakala za mashabiki. Vaa spika za masikioni, rudia mara kumi, andika silabi kwa silabi pamoja na makosa ya sarufi, kisha ujiulize Kiswahili hicho kilitungwa kwa ajili ya sikio la nani. Sura nzima iko hapo. Jina lake nalo limetoka kwenye "uhuru", lakini usiandike "Nyota Uhura" kwa habari za 1966: kwenye skrini jina Nyota lilitamkwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Busu la nahodha Kirk na Uhura la Novemba 1968 usiliite la kwanza la weusi na weupe katika televisheni ya Marekani. Waimbaji Sammy Davis Jr., mweusi, na Nancy Sinatra, mweupe, walishabusiana hewani 1967. Linalostahili aya ni kwamba Kirk na Uhura wanalazimishwa na nguvu za watu wengine. Kisa cha Martin Luther King kumsihi Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, asiache kazi kitaje kama ushuhuda wa Nichols mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekisimulia.

Na usimbebeshe Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, kila kitu. Waklingoni, wale maadui wa kutoka sayari nyingine, ni wa mwandishi Gene L. Coon, na msimu wa tatu ulisimamiwa na Fred Freiberger kwa bajeti iliyopunguzwa. Miswada na barua za ofisini ziko maktaba ya UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Omba miswada ya sehemu chache tu, ukiangalia tarehe ya kila ukurasa uliobadilishwa, si ile ya jalada.

Nitumie jedwali la zile sehemu 8 kabla hujaendelea na nyingine.

Wako,
Zuhura