Kaka, kuhusu kushusha Altezza yako

Kaka mambo vipi, za Dar na joto lake? Huku Dodoma tupo. Meseji yako ya kuuliza ushushe vipi Toyota Altezza yako ikae chini zaidi, kwa springi fupi au koilova, niliiona nikasema hii siijibu kwa voisi, ntaandika kabisa, maana gari hiyo najua unavyoipenda.

Kwanza huyo fundi anayetaka kukata springi kwa grenda achana nae. Springi ikikatwa haikai tena vizuri kwenye kikombe chake, tairi ikidumbukia kwenye shimo springi inalegea na inaweza kutoka kabisa. Na akisema ataipasha moto ishuke, kataa pia.

Sasa wewe gari ni ya kila siku, Goba mjini, mjini Goba, shemeji na watoto ndani, matuta yote yale. Mi nasema chukua springi fupi. Za kampuni kama Eibach au Tein zinashusha kama sentimita 2 mpaka 4 hivi, inatosha kabisa kupunguza lile pengo la tairi na madigadi. Ila usizifunge juu ya shokapu za zamani, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Springi fupi ni ngumu zaidi, ikibanwa inarudi kwa nguvu, na shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza, basi gari inadunda barabara nzima halafu lawama inaenda kwa springi. Tena shokapu ya kawaida ukiishusha inakuwa imeshaingia ndani, haina nafasi ya kucheza, kila tuta inagonga raba ya juu kule. Ndo maana kampuni ya Bilstein wanatengeneza shokapu ya B8 fupi kwa ajili ya gari zilizoshushwa, B6 ni ya urefu wa kawaida, kwahiyo ukienda dukani usikubali tu "hizi zinaingia".

Koilova, yaani springi na shokapu zinazokuja pamoja na unaweza kurekebisha urefu wake, ni tamu, siwezi kukudanganya. Unazungusha ringi unapandisha unashusha, zile BC Racing aina ya BR zina hatua 30 za ugumu. Lakini ukishapata urefu unaoupenda utazigusa tena lini? Na zile nyuzi zipo wazi kule chini, tope la masika na vumbi vinaingia, usiposafisha zinakamata na ringi haizunguki tena. Za bei chee zisizojulikana ndo usiguse kabisa, bora ubaki na za kiwandani. Labda kama ungekuwa unaipeleka kwenye mashindano, hapo ningekuelewa.

Siku ya kufunga simama hapohapo na fundi. Bolti za bushi (zile raba) za mikono inayoshika tairi zisikazwe mwisho tairi zikiwa zinaning'inia, gari ishuke kwanza ibebe uzito wake ndo akaze, la sivyo raba inabaki imejinyonga muda wote na haichelewi kuchanika, na Altezza ina mikono mingi mbele na nyuma. Endesha siku kadhaa springi zikae ndo upeleke alaimenti, kunyoosha pembe za tairi, usiiruke hata kama gari inaenda mstari, maana tairi inaliwa upande wa ndani huko na huoni mpaka waya zitokeze.

Kabla hujatoa hela pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, tairi zote 4, nitumie. Na shokapu zipige picha, yoyote iliyolowa mafuta hiyo imekwisha.

Msalimie shemeji sana.

Ndugu yako