Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: darasa la jioni liko wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Salaam. Natumaini u mzima na vikao vya baraza vinakwenda vizuri. Nisingekuandikia hadharani kama ungekuwa unapokea simu.

YAH: DARASA LA JIONI ULILOTUAHIDI

Jumatatu iliyopita walihitajika vibarua kwenye ujenzi mmoja hapa mjini Mwanza. Watu walifika alfajiri, wengine kwa miguu kutoka Igoma. Getini tukaambiwa mwenye cheti asogee, asiye nacho arudi kwao. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alirudi. Nikukumbushe tu kwamba geti la nyumbani kwako alilichomelea yeye. Limesimama mpaka leo, na siku ile ulipokuwa unaomba upunguziwe bei sikusikia ukimdai cheti.

Mimi nilikuwa nakata minofu kiwandani. Sangara walipopungua, zamu nazo zikapungua, halafu tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Hatujaitwa. Wapo wanaolaumu kokoro na nyavu za macho madogo, wapo wanaolaumu bei ya huko Ulaya. Mimi nahisi hata mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yamechangia. Bondo likishakuwa na bei kuliko nyama, nani atamwachia samaki mzazi? Lakini hata sangara wakirudi kesho, wengi wetu hatujui kazi nyingine, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Sasa nachukua dagaa soko la Mwaloni kwa mali kauli. Tulipoanzisha kikundi tupate mkopo wa ile asilimia 4 ya wanawake kwenye mapato ya halmashauri, tukaambiwa maombi yanajazwa kwenye mfumo, yaani mtandaoni. Mfumo! Katibu wetu mwenyewe anasoma kwa kuunganisha silabi. Tukamlipa kijana wa steshenari, akakosea jina la kikundi, na kulirekebisha nako ni hela.

Wakati wa kampeni ulisema, tena kwa kipaza sauti, kwamba shule yetu ya msingi itawaka taa jioni watu wazima wasome. Taa inawaka kweli, Mheshimiwa. Ni ya mlinzi.

Na si jambo geni hapa. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake hapa hapa Mwanza, wakulima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Enzi hizo hata umeme ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Leo tuna nguzo mpaka milimani Mabatini, tunashindwa nini?

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Waite waje kwenye kata wampime jirani yangu. Sisi tusiojua kusoma vizuri tupewe mwalimu, kusoma na hesabu, na huo mfumo tuujaze wenyewe. Sikuombi kiwanda. Sikuombi hata mtaji, huo tutautafuta tukishajua kujaza fomu. Naomba darasa.

Nimeshamwona mwalimu mkuu. Funguo anazo, vyumba jioni viko wazi, anachosubiri ni barua kutoka kwako. Barua moja, Mheshimiwa. Yangu hii nimeandikiwa na mwanangu wa darasa la sita. Yako hutakosa wa kukuandikia.

Wako,
Mpiga kura wako, muuza dagaa