Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lebo za Wasomaji na Katalogi Yetu

Ndugu wanachama,

Habari za ada ameshazieleza Mweka Hazina, sitazirudia. Nina jambo moja, lile lililotula vikao vitatu: je, wasomaji waruhusiwe kutia lebo zao, yaani maneno mafupi ya kueleza kilichomo, kwenye picha za kidijitali tunazoziorodhesha?

Waliopinga walihofia vurugu. Nawaelewa. Lakini Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani kwenye Flickr, tovuti ya kuonyeshana picha, ikawaachia watu waandike. Baada ya miezi kumi hivi lebo zilifika 67,176 kutoka akaunti 2,518, na maandishi yaliyofutwa kwa utovu wa adabu hayakufika 25. Mimi hesabu iliyonigusa ni nyingine: rekodi zaidi ya 500 za katalogi yenyewe ziliboreshwa kwa maelezo ya watu wa nje, baada ya wakutubi kuyahakiki.

Mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza nayo iliweka huko picha za Afrika kutoka Wizara ya Makoloni, ikaomba umma usaidie kuzieleza. Maelezo ya kikoloni tunayajua: gavana ana jina na cheo, waliosimama nyuma yake ni "wenyeji" tu. Nani atawataja kama si wajukuu zao?

Katika jaribio letu, picha moja ya akina mama ilipata lebo tatu: kanga, khanga na, kutoka kwa msomaji wa Mombasa, leso. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe "kanga" ikawa kichwa cha mada, yaani neno rasmi la katalogi, na hayo mawili yakawekewa "tazama" ya kumwelekeza msomaji kwenye "kanga". Lebo zenyewe hatukuzifuta. Anayetafuta leso ataandika leso. Hana habari na uamuzi wa kamati yetu.

Tulipokwama ni kwenye uhakiki, na kosa ni letu. Kamati ilikuwa na watu wawili, mmoja akahamishwa kikazi, na tangu Agosti hakuna lebo iliyopitiwa. Msomaji mmoja aliyetutajia mtaa uliomo pichani ameuliza mara mbili mbona hajajibiwa.

Naomba wanachama wanne wa kujitolea, saa mbili kwa wiki, angalau mmoja awe anaijua Mombasa vizuri. Majina apewe Katibu kabla hatujatawanyika leo.

Mwenyekiti